Viongozi wa Vijiji na Kata katika Kulinda Haki

Haki za mwananchi wa kijijini Tanzania huanza kulindwa na viongozi anaoishi nao: mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata na diwani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Katika kata ya wakulima kama Nyakitonto, Wilaya ya Kasulu, hakuna kiongozi mwenye nguvu zote. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 27, 2024. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Wenyeviti wa vijiji vyote hukutana kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Kikao hicho huzungumzia zaidi madarasa na zahanati, ingawa ndipo mahali pekee ambapo vijiji jirani vinaweza kukubaliana kumlinda mtu mnyonge.

Mnyonge huyo mara nyingi ni mjane. Mumewe akifa, shemeji huja kudai shamba la migomba na maharage kwa jina la ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Shauri huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Lisiposuluhishwa huenda Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi, linapatanisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mjane anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtendaji anayemcheleweshea barua ya kupeleka shauri lake barazani anamnyima shamba lake sawasawa na yule shemeji.

Ngumu kuliko ardhi ni kamchape. Mkoani Kigoma, kamchape, yaani watu wanaojitangaza kuwa wafichua uchawi, huingia kijijini, huchangisha fedha na kuwataja wazee kuwa wachawi. Sheria ya Uchawi, ya tangu enzi za ukoloni, inafanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa la jinai. Lakini mwenyekiti anayewakataa peke yake huogopa umati uliompigia kura, na hata akifaulu, wao huhamia kijiji cha pili. Ndiyo maana vijiji vya kata nzima vinapaswa kukataa kwa pamoja na kuita polisi mapema, kabla nyumba ya bibi kizee haijachomwa.

Kwa ukatili wa kijinsia, mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2016, MTAKUWWA, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji, zikiwakutanisha mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya na viongozi wa dini. Adui yao mkubwa ni kesi kumalizwa kinyumbani. Ubakaji hausuluhishwi barazani; kiongozi anayepokea faini amemkinga mhalifu.

Kasulu ina pia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopokea Wakongo tangu mwaka 1996 na Warundi wengi kuanzia 2015. Wanawake wakimbizi wamevamiwa wakitafuta kuni nje ya kambi, na wenyeji nao wamelalamikia misitu kumalizwa na mazao kuibwa. Malalamiko haya hupata suluhu pale tu wenyeviti wa vijiji, viongozi wa wakimbizi na polisi wanapoketi pamoja, kwa sababu hakuna upande mmoja unaoulinda msitu wote wala njia zote.

Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa walau kila miezi mitatu, ndipo viongozi hawa wanapoweza kuulizwa wamefanya nini. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, na ana haki ya kuhudhuria na kuuliza.