Nguvu ya Bure Iliyomo Ndani ya Drumu

Msomaji wetu wa Mbagala ana Corolla 110 yenye breki za drumu nyuma. Fundi amemshauri azing'oe afunge diski, kwa maelezo kwamba drumu zimepitwa na wakati na vifaa vilivyotumika vinapatikana Gerezani. Anauliza kama gharama hiyo itamlipa.

Tuanze na hilo la kupitwa na wakati. Drumu na diski ni marika: mwaka 1902 Louis Renault alibuni drumu ya namna tunayoijua leo, na mwaka huohuo Frederick Lanchester akapata hataza ya diski huko Uingereza. Diski ilisubiri sana kupata jina, hadi Jaguar ilipoitumia kushinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953. Drumu nayo haijazikwa. Volkswagen ID.3, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwaka 2020, lina drumu nyuma, kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, na breki iliyofunikwa haishiki kutu upesi inapokaa bila kutumika.

Lakini uzuri wenyewe wa drumu uko ndani. Vua tairi la nyuma la Corolla, toa drumu, utakuta breki shuu mbili zimetazamana. Chini zimeegemea nguzo isiyosogea. Juu, katikati yao, imekaa wili silinda. Ukikanyaga pedeli, silinda inazitanua shuu hadi ziguse ukuta wa ndani wa drumu inayozunguka. Hadi hapo nguvu ni ya mguu wako na masta silinda yako. Sasa tazama shuu ya mbele. Ikishagusa tu, drumu inaikokota kuelekea kwenye ile nguzo. Nguzo haisogei, basi shuu haina pa kwenda ila kujibana zaidi ukutani. Msuguano unapanda, unaibana tena, unapanda tena. Tabia hii naiita kujikaza. Nimeliacha neno kujiongezea nguvu, kwa sababu nguvu hiyo shuu haiizalishi. Inaichota kwenye mwendo wa gari lenyewe.

Mvuvi wa Kunduchi anaijua kanuni hii mikononi. Dau likija kasi kwenye maji ya kina kifupi, anautanguliza upondo mbele na kuukita mchangani kwa mshazari. Dau linauendea, na kadiri linavyouendea ndivyo upondo unavyozama. Yeye anaushikilia tu. Akiuburura nyuma, mwendo uleule unauinua, nao unakwaruza mchanga na kuteleza. Shuu ya mbele ni upondo uliotangulizwa, ya nyuma ni upondo wa kuburura, na ukipiga rivasi zinabadilishana kazi. Upondo ukikitwa wima mno unanasa ghafla na kumtupa mvuvi majini. Ndivyo drumu zinavyokamata kwa kushtua asubuhi, gari likiwa limelala kwenye unyevu. Na chini pakiwa na tope laini, upondo haupati pa kushika, na msaada wote wa dau unapotea.

Diski haina bahati hiyo. Pedi zinaibana kutoka ubavuni, na mzunguko wake hauzisaidii kubana. Kwa msukumo uleule, drumu ya aina hii hutoa nguvu ya kusimamisha karibu mara tatu ya diski. Pengo hilo huzibwa kwa pistoni pana. Tuseme wili silinda ina kipenyo cha milimita 17.5 na pistoni ya kalipa ina milimita 34: eneo linapanda kutoka milimita za mraba 241 hadi 908, karibu mara nne. Pistoni pana hudai mafuta mengi zaidi, hivyo masta silinda iliyopimiwa drumu huenda isitoshe na pedeli ikazama.

Faida ya diski huonekana kwenye joto. Drumu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia shuu zake, na msuguano ukipungua, kujikaza nako kunapungua, kama upondo kwenye tope. Hasara inakuwa mara mbili. Diski hupoteza kile tu ambacho msuguano umepoteza. Ndiyo maana anayeteremka Kitonga na mzigo ana sababu ya kuitaka. Diski pia hutema maji upesi, jambo la maana kwa anayepita Jangwani wakati wa masika.

Kwa safari za Mbagala hadi Posta, ningebaki na drumu. Zipelekwe kwa wachonga vyuma zisawazishwe kama bado zina unene unaoruhusiwa, zifungwe shuu mpya, zirekebishwe, na pesa inayobaki iende kwenye pedi za mbele na mafuta mapya ya breki, kwa kuwa gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele. Akiamua diski, achukue seti nzima ya gari moja linaloendana na lake: Corolla Levin za kizazi hicho zenye injini ya 4A-GE zilikuwa na diski nyuma. Seti maana yake kalipa, diski, masta silinda, valvu inayogawa presha ili mkia usiteleze, na hendibreki pamoja na kebo zake. Asikubali kuuziwa kalipa mbili peke yake. Atakuwa ameitupa nguvu ya bure bila kununua cha kuziba nafasi yake.