Waliojuana Uzeeni

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia bei ya karafuu, maji ya mifereji na mahudhurio ya skuli. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji tuzungumzie jambo lililo mbali kidogo na bandari yetu. Wako wanaume na wanawake, hasa katika Uingereza na Marekani, waliofika umri wa miaka hamsini, sitini na hata sabini ndipo daktari akawaambia kwa mara ya kwanza kwamba wana ile hali iliyokuwa ikiitwa Asperger. Hatuliandiki jambo hili kwa kuwa ni ajabu ya ugenini. Tunaliandika kwa sababu hali hiyo haichagui taifa wala kabila, na kwa sababu yale waliyoyafanya watu hao baada ya kuambiwa yanastahili kujulikana na kila mwenye dhamana ya kuwahudumia wananchi.

Asperger ni tawi la usonji. Mtu mwenye hali hiyo husema sawasawa, na aghalabu ana akili nzuri na kumbukumbu kubwa. Lakini mambo ambayo wengine huyapata bila kufundishwa, kama vile kujua kwamba mazungumzo yamekwisha, au kwamba mwenzako anafanya mzaha, au kwamba ile "karibu chakula" ya mwenye nyumba ni adabu tu, yeye huyafikia kwa hesabu, mfano wa mgeni anayetafsiri kila neno kichwani kabla ya kujibu. Kelele, mwanga mkali na msongamano wa watu humchosha kuliko kazi ya shamba. Aghalabu huwa na jambo moja alilolishika kwa moyo wote, likiwa ramani, ndege wa porini au nyakati za treni, na akilieleza halimalizi. Haya si maradhi ya kuambukiza, si wazimu, si pepo, wala hayatokani na malezi mabaya, ingawa kwa miaka mingi walikuwako madaktari mashuhuri wa Marekani waliowatupia lawama akina mama.

Msomaji atauliza: iweje mtu aishi miaka sitini bila ya kujulikana? Jawabu limo katika tarehe zenyewe. Daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliwaeleza watoto sita wa namna hii mwaka 1925, na maandishi yake yakakaa karibu miaka sabini bila ya kusomwa sana katika nchi za Magharibi. Leo Kanner aliandika kuhusu usonji huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akafuata mjini Vienna mwaka 1944, kwa Kijerumani, katikati ya vita. Ilikuwa mwaka 1981 ndipo daktari wa London, Lorna Wing, ambaye mwenyewe alikuwa mama wa mtoto mwenye usonji, alipoyafufua maandishi ya Asperger na kuipa hali hiyo jina lake. Vitabu vinavyowaongoza madaktari viliikubali katika miaka ya 1990 tu. Basi aliyezaliwa mwaka 1940 alikwisha kusoma, kuajiriwa, kuoa na pengine kuachana na mkewe, kabla hajatokea daktari mwenye jina la kumpa. Majina aliyoyapata ni mengine: mkaidi, mwenye kiburi, asiye na utu.

Jina lenyewe nalo halikudumu. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliifuta Asperger mwaka 2013 na kuiingiza katika usonji kwa jumla, na orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 ikafanya vivyo hivyo. Kisha mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech wa Vienna alichapisha ushahidi kwamba Hans Asperger aliwahi kupeleka watoto katika jumba la Am Spiegelgrund, mahali ambapo chini ya utawala wa Manazi walikufa watoto karibu 800. Wako wazee waliokwisha kulizoea jina hilo na kulipenda, kwa kuwa ndilo lililowafungulia mlango, ghafla wakajikuta wamebeba jina la mtu huyo. Wengine wamelitupa, wengine wamebaki nalo. Sisi tunaona kila mmoja ana haki ya kuchagua, maana aliyekaa nusu karne akiitwa majina na watu wengine hastahili kulazimishwa jina tena.

Mwimbaji wa Scotland, Susan Boyle, anajulikana hata kwetu kwa sauti yake iliyoushangaza ulimwengu mwaka 2009. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2012 mtaalamu akamwambia kwamba sivyo, ana Asperger, na mwaka uliofuata alipolitangaza jambo hilo alisema limempa nafuu. Mhakiki wa muziki wa Marekani, Tim Page, aliyekwisha kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1997, aliambiwa mwaka 2000 akiwa na miaka 45. Hao ni watu maarufu. Walio wengi ni makarani wa kustaafu, mafundi, walimu na wake wa nyumbani, na wengi wao waligundua kwa njia moja: mjukuu alipelekwa hospitali, daktari akaanza kuuliza maswali kuhusu mtoto, na babu aliyekaa pembeni akasikia habari zake mwenyewe zikisomwa.

Nafuu huja, na nyuma yake huja majonzi. Mtu huyarudia maisha yake yote na kuyahesabu upya: kazi aliyofukuzwa, urafiki uliovunjika pasipo yeye kujua sababu, mtoto aliyekua akidhani baba hampendi. Si jambo la kufanyiwa mzaha. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za watu wazima 374 waliotambuliwa kuwa na Asperger katika kliniki moja ya Cambridge, na thuluthi mbili yao walisema wamewahi kufikiria kujiua. Watafiti wa London nao walikadiria mwaka 2023 kwamba katika watu wenye usonji nchini England waliopita umri wa miaka 50, takriban tisa katika kila kumi hawajatambuliwa. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye madaktari tele, afisa wa afya asitwambie kwamba kwetu wazee wa namna hii hawapo kwa kuwa hawamo katika daftari lake.

Sasa tulifikie lile lililotuvutia kuandika. Watu hawa, ambao vitabu vilisema hawataki wenzao, walitafutana. Mwaka 1992 Jim Sinclair na wenzake wawili waliunda huko Marekani jumuiya ya watu wenye usonji wenyewe, si ya wazazi wao wala ya madaktari wao. Mwaka uliofuata Sinclair aliwaandikia wazazi makala akiwaomba wasiwalilie watoto walio hai kama kwamba wamekufa. Mwaka 1996 jumuiya hiyo ikaanza kambi ya kila mwaka iliyoitwa Autreat, na mwaka 2005 Uingereza ikapata mkutano wake, Autscape.

Kanuni za mikutano hiyo zinafaa kuelezwa, kwani ndani yake mna busara ya kiutawala. Hakuna aliyelazimika kuhudhuria kikao. Manukato makali na taa za kamera zilikatazwa. Palikuwa na chumba cha kimya kwa aliyechoka. Na kila mtu alivaa beji ya rangi: nyekundu maana yake tafadhali asiniseme mtu, njano, waniseme wale ninaowafahamu tu, kijani, napenda kuzungumza lakini sijui kuanza, basi anza wewe. Wageni wa mara ya kwanza, wengine wenye mvi, walijikuta wamekaa na watu siku tatu bila ya kuigiza. Wawili huweza kukaa meza moja, huyu na kitabu chake na yule na ramani zake, wasiseme neno kwa saa nzima, kisha wakaachana kila mmoja akihesabu kwamba amepata rafiki.

Wataalamu walifuata nyuma, kama kawaida yao. Damian Milton, mwanachuoni wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kuna pande mbili: ikiwa mwenye usonji hawafahamu wengine, hao wengine nao hawamfahamu yeye, ila wao ndio wengi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu 72, waliopangwa katika misururu ya watu wanane. Wa kwanza alisimuliwa hadithi, akampa wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Misururu ya watu wenye usonji watupu iliifikisha hadithi sawa na misururu ya watu wasio nao. Hadithi ilipotea zaidi katika misururu iliyochanganywa.

Tusidanganyike hata hivyo kwamba kila kitu ni jumuiya na beji. Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, ndiye mtoto wa kwanza katika maandishi ya Kanner. Alisoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi katika benki ya mji wake kwa miaka mingi, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, na alipofariki mwaka 2023 alikuwa na miaka 89. Mji mzima ulimlinda, na mgeni aliyekuja na maswali mabaya alijibiwa ipasavyo. Habari njema kabisa. Lakini baba yake alikuwa mwanasheria, na benki hiyo ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Mtoto mweusi wa mkulima, katika Mississippi ile ile ya miaka ya 1930, asingepelekwa kwa Kanner, wala mji usingemwekea kiti. Sisi tuliolelewa katika siasa ya usawa hatuna budi kuuliza swali hilo kila tunapopewa mfano wa kupendeza.

Visiwa vyetu havina uhaba wa watu kukaa pamoja. Tuna baraza, maulidi, hitima na harusi. Lakini baraza ina sheria zake zisizoandikwa, za kupokea mzaha na kurudisha mzaha, na yuko mzee asiyeziweza, anayepita kichwa chini na salamu fupi, naye huambiwa anajiona. Aliyepitia chuoni anamkumbuka mwenzake aliyehifadhi juzuu kabla ya wote na ambaye makelele ya kusoma kwa pamoja yalimtia machozi. Gazeti halina kazi ya kuwapima watu, na hatutaki sheha aanze kuandika orodha ya wazee wasiopenda baraza. Tunachosema ni kwamba panapotajwa usonji kwetu, hata katika ile tarehe 2 Aprili iliyowekwa na Umoja wa Mataifa, huwa anazungumzwa mtoto peke yake. Mtoto huyo atazeeka. Na mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, haukuweka kikomo cha umri.

Kwa hiyo tunawaelekea maafisa wa ustawi wa jamii na masheha. Mzee asiyekutazama usoni asihesabiwe kuwa anakudharau. Aandikiwe kwenye karatasi saa ya kuja na hati za kuchukua, kwa maneno ya wazi, pasipo "njoo njoo kesho". Akiomba kungojea nje chini ya mwembe badala ya kubanana ukumbini, akubaliwe, na mtu atumwe kumwita zamu yake ifikapo. Tungependa kuona jambo hilo likianza na shughuli za Pensheni Jamii, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa wazee waliofikia miaka 70, kwani ndizo zinazomkutanisha ofisa na wazee wote, wanaopenda watu na wasiowapenda. Shehia zilizokwisha kufanya hivyo kwa uamuzi wao zituandikie, nasi tutazichapisha barua zao hapa.