Sanamaki na weusi wa utumbo

Katika maduka ya dawa za asili ya soko la Mutrah, mjini Muscat, majani makavu ya sanamaki huuzwa kwa kupimwa kama iliki na mdalasini.

Waomani wenye asili ya Zanzibar hawakuhitaji kufundishwa jina hilo, kwani haluli ya sanamaki imejulikana pande zote mbili za bahari.

Lakini mtu anayeitumia kwa miezi mfululizo huenda akaambiwa na daktari aliyemchungulia kwa kamera kwamba utumbo wake mpana umegeuka rangi, ukawa wa kahawia au mweusi wenye mabaka.

Hali hiyo huitwa melanosisi, jina lililotolewa na Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1857. Jina hilo linapotosha, kwa sababu rangi hiyo si melanini inayoipa ngozi weusi wake.

Sanamaki, kama ilivyo shubiri, ina kemikali zisizofanya kazi hadi zifike katika utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja. Hapo huufanya utumbo ujikaze na kusukuma choo, na papo hapo huua baadhi ya chembe za ukuta wake. Chembe za kinga humeza mabaki hayo, na masalia yake ndiyo rangi inayoonekana, iitwayo lipofusini.

Je, ni saratani?

Uchunguzi haujathibitisha kwamba weusi huo husababisha saratani, na kwa kawaida hutoweka miezi kadhaa baada ya dawa kuachwa.

Hatari iko kwingine. Kuharisha kwa muda mrefu hupoteza maji na madini ya potasiamu, na upungufu wa madini hayo hulegeza misuli na huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mzee anayetumia dawa za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu. Joto la Muscat, ambalo majira ya kiangazi hupita nyuzi 40, huzidisha upungufu wa maji.

Aidha, kufunga choo kulikoanza ghafla ukubwani, au choo chenye damu, huweza kuwa dalili ya saratani ya utumbo. Anayejitibu kwa haluli kila wiki huchelewa kuijua.

Sanamaki yenyewe si sumu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Ila ni dawa ya siku chache.

Tatizo ni kwamba mgonjwa akiulizwa dawa anazotumia hutaja vidonge vya hospitali tu. Sanamaki, kwa kuwa ni majani, haitajwi.