Deni la Biashara: Kulifuatilia na Zaka Yake

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni. Na tuitazame hekima yake katika kampuni kubwa ya malipo, PayPal ya Marekani, iliyojitenga na eBay mwaka 2015.

Mizania yake hutenganisha mambo matatu: malipo ya huduma ambayo bado inadai, mikopo iliyotoa pamoja na riba yake, na fedha za wateja zinazopita mikononi mwake. Hizi za mwisho kampuni inadaiwa na wateja wenyewe. Anayezihesabu kuwa utajiri wake amekosea. Na riba, hukumu yake inajulikana.

Ama deni la kwanza, halipimwi kwa ukubwa wake tu. Ligawe kwa mapato ya kipindi, kisha zidisha kwa idadi ya siku zake. Kwa mfano, mapato ya siku 90 yakiwa 900 na deni 300, deni hukaa siku 30. Deni likifika 450 na mapato yakabaki 900, ni siku 45: biashara haikukua, bali wadaiwa wamechelewa.

Deni lililo kwa mwenye uwezo anayelikiri, wengi wa wanazuoni wanaona lina Zaka, ingawa wamekhitilafiana lini itolewe. Lililokatiwa tamaa, khitilafu yake ni kubwa zaidi. Basi mwenye duka asiyefuatilia madeni yake atayatenganisha vipi? Tunamuogopea asije akala haki ya mafukara, au akambana mdaiwa mwenye dhiki anayestahiki kupewa muda.

Wallahu A'lam.