Jaribio Lijitegemee: Programu za Kompyuta na Madhara ya Faili la Pamoja

Mwanafunzi wa kemia haruhusiwi kutumia bika lenye mabaki ya jaribio la jana. Kanuni hiyo yawahusu pia watungaji wa programu za kompyuta, ingawa wao huisahau mara nyingi, kwa kuwa mabaki yao hayaonekani kwa macho.

Programu kubwa hukaguliwa kwa majaribio madogo madogo, ambayo nayo ni programu. Kila moja huendesha sehemu fulani na kulinganisha jibu lipatikanalo na jibu litarajiwalo. Tuchukue programu ya kukokotoa wastani wa alama za darasa. Faili moja lina alama 40, 50 na 60. Jaribio la kwanza lasoma faili hilo na kutarajia wastani wa 50. La pili laongeza humo alama 90 na kutarajia 60. Yakifuatana hivyo, yote mawili hufaulu. Yakigeuzwa, la kwanza hupata 60 na kushindwa, hali programu yenyewe haina kosa. Yakirudiwa bila faili kurejeshwa, yote mawili hushindwa: la kwanza hupata 60, la pili 66. Baya zaidi ni jaribio kufaulu kwa sababu tu jingine limetangulia kuliandalia faili. Hapo kosa la kweli hubaki limejificha.

Mwaka 2011 lilitoka toleo la 7 la lugha ya Java. Hadi hapo majaribio ya JUnit, chombo kilichobuniwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, kwa kawaida yalitendeka kwa mpangilio yalivyoandikwa, ingawa hakuna aliyeahidi hivyo. Toleo jipya liliuvuruga mpangilio huo, na majaribio yaliyokuwa yakifaulu yakaanza kushindwa. Ilikuwa rahisi kuilaumu Java. Lawama haikuwa yake.

Tiba yake ni kila jaribio kuandika data zake lenyewe, katika folda ya muda isiyotumiwa na jingine, nayo ifutwe mwishoni hata jaribio likishindwa. Bora zaidi, sehemu ikokotoayo wastani ipewe orodha ya alama, si jina la faili. Usomaji wa faili ujaribiwe peke yake. Ni kweli kwamba mistari hurudiwarudiwa, na mtungaji nadhifu hukereka. Hata hivyo, msomaji wa jaribio huziona alama 40, 50 na 60 palepale, bila kuzitafuta kwingine, na majaribio yasiyoshiriki faili yaweza kuendeshwa yote kwa wakati mmoja.