Mtoto anayechelewa kukua: aanze chekechea lini?



"Tungoje kwanza aseme vizuri, ndipo tumpeleke chekechea." Sisi wahamasishaji wa afya tunayasikia sana maneno haya tukipita nyumba kwa nyumba hapa Nyarugusu. Mzazi anayesema hivyo hana nia mbaya. Anaogopa mtoto wake atachekwa, ataanguka, atajichafua mbele ya wenzake. Lakini mwaka huo wa kungoja, mtoto atafanya nini? Kama atashinda mkekani wakati mama yuko kwenye foleni ya posho au ameenda kutafuta kuni, mwaka utakwisha naye atakuwa pale pale. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia watoto wenzake wakisema.

Katika mfumo wa shule wa kwetu Kongo, chekechea ni ya miaka 3 hadi 5, na darasa la kwanza huanza miaka 6. Mtoto wa miaka 4 ambaye bado anatenda kama wa miaka 2 anaweza kukaa na wale wa miaka 3, na hakuna atakayeshangaa. Ukimngoja hadi miaka 8, atakuwa mrefu kuliko wote, na hapo ndipo atachekwa kweli.

Ila kabla ya kumwandikisha, mlete kituo cha afya. Watoto wengi hukaa wenyewe kabla ya miezi 9, hutembea kabla ya miezi 18, na huunganisha maneno mawili wakifikia miaka 2. Aliyepitisha hapo sana aonwe mapema, hata kama umri wa shule bado. Omba masikio na macho yapimwe. Wapo watoto wanaoitwa wazito wa akili kumbe hawasikii, hasa waliotoka usaha masikioni mara nyingi au waliougua homa ya uti wa mgongo.

Kama ana kifafa, mwalimu lazima ajue. Kifafa si uchawi, na mate yake hayaambukizi mtu. Dawa anywe kila siku, na usiikatishe mwenyewe kwa sababu hajaanguka mwezi mzima. Akianguka darasani, mwalimu amlaze ubavu na asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, apelekwe kituo cha afya mbio.

Jambo linalowarudisha wengi nyumbani ni choo. Tundu ni kubwa, mtoto anaogopa kutumbukia, basi anajisaidia kwenye nguo. Mtengenezee nyumbani ubao wenye tundu dogo. Mpeleke kila anapoamka na kila anapomaliza uji, saa zile zile, kwa miezi miwili au mitatu. Asipoweza bado, mfungie nguo ya kubadilisha na umweleze mwalimu. Nguo chafu si sababu ya kumnyima shule. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu cha 24 kinasema elimu ni haki yao pia.

Je, kuna wakati wa kungoja? Upo. Kama anaanguka kifafa karibu kila siku, kama yuko kwenye matibabu ya utapiamlo mkali, au ametoka hospitali juzi tu, apate nafuu kwanza. Lakini mkubaliane tarehe na mhudumu wa afya. Kungoja bila tarehe ndiko kunakogeuka miaka minne.

Akianza, msimpe siku nzima. Muombe mwalimu aende siku mbili kwa wiki, saa moja moja, mama au dada yake akae karibu na mlango. Kama anapaliwa na chakula, mwalimu aambiwe uji wake uwe mzito kidogo, na anywe akiwa amekaa wima. Baada ya miezi mitatu mlete tena kituoni na kadi yake ya kliniki, utuambie amejifunza nini na nini bado kinamshinda.