Kupanga Nyumba kwa Shirika: Mmoja Asipolipa

Wako vijana wengi watokao vijijini kwenda mijini kutafuta kazi, na kwa kuwa kodi ya nyumba ni nzito hupanga wawili au watatu pamoja. Mwanzoni husikilizana vizuri. Taabu huanza siku ile mwenye nyumba anapobisha hodi, na mmoja wao hana fungu lake. Je, waliolipa waweza kusema, "Sisi tumekwisha toa, mtafute yeye"? Kwa Tanzania Bara jibu hutegemea jambo moja: walimwahidi nini mwenye nyumba, na kwa namna gani.

Tutazame kwanza nyumba ile tuijuayo sote, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Humo kila mpangaji amepatana na mwenye nyumba kwa chumba chake. Choo ni kimoja, ua ni mmoja, lakini mapatano ni mbalimbali. Jirani asipolipa, deni ni lake peke yake, wala wa chumba cha pili hana la kudaiwa.

Mambo ni mengine wakiahidi kwa umoja. Tuseme seremala, dereva na karani wametia sahihi katika hati moja, ya kwamba watalipa shilingi 300,000 kila mwezi. Wao kwa wao wamegawana 100,000 kila mtu. Mgawo huo ni shauri lao. Mwenye nyumba hakuahidiwa mafungu matatu, aliahidiwa kodi moja. Dereva asipolipa, mwenye nyumba aweza kumshika seremala peke yake na kumdai yote iliyosalia. Wengi huona hii ni dhuluma, nasi twakiri kuwa ni kali, lakini ndiyo sheria. Nayo imetoka mbali: imo katika kifungu cha 43 cha Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika zamani za Waingereza, na Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 ikafuata njia ile ile.

Walakini seremala hakuachwa mikono mitupu. Akiisha kulipa fungu la dereva, deni halifi, huhama tu: sasa dereva anadaiwa na seremala, naye aweza kushtakiwa katika Mahakama ya Mwanzo. Na kama dereva ametoroka, au hana kitu kabisa? Hapo hasara hugawanywa sawasawa kwa waliosalia, yaani 150,000 kila mmoja. Karani asijitetee kwamba alikwisha toa 100,000 yake. Sharti amwongeze seremala 50,000. La kushangaza zaidi ni hili: hata mwenye nyumba akimhurumia dereva na kumsamehe, wenziwe hawakusamehewa, wala dereva hakuponyoka mikononi mwa wenziwe.

Hayo yote ni pale ambapo mapatano hayakusema vingine. Basi wanaotaka kila mtu ajibu kwa fungu lake tu, na waandike hivyo katika hati yenyewe, na mwenye nyumba aitie sahihi. Karatasi ya watatu peke yao haimfungi yeye. Tena, ikiwa mmoja analala chumba kikubwa na kulipa zaidi, waandike, kwa maana bila hivyo sheria huwahesabu kuwa sawa.

Iko na namna ya tatu: mmoja hupanga kwa jina lake, kisha huwakaribisha wengine. Hao hawakumwahidi mwenye nyumba lolote, kwa hiyo hawadaiwi naye kwa hati ile. Lakini kukaa kwao kwategemea kukaa kwa mwenzao. Ni heri waulize mapema kama mwenye nyumba ana habari zao.

Mwenye kulipa fedha mkononi aombe stakabadhi yenye jina lake, mwezi, na jina la aliyelipiwa. Alipaye kwa simu asifute ujumbe. Mbele ya hakimu seremala atatakiwa kuonyesha kwamba ile 100,000 ya pili ilikuwa ya dereva.